REDIO NI MWALIMU, ISIGEUZWE DALALI

Na mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu

Wahenga walituachia usemi kuwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Usemi huu ni wa haki, ila una sharti moja ambalo hatulitaji sana: huyo mkuu naye lazima awe anasema la maana. Katika nyumba nyingi za nchi yetu, mkuu anayesema kutwa kucha bila kuchoka ni redio. Inaanza kusema kabla chai haijachemka na inanyamaza wakati taa imezimwa, na pengine hata hapo hainyamazi. Ndugu msomaji, katika makala haya ninataka kutoa maoni yangu juu ya mkuu huyo. Maoni yenyewe ni haya: watu wetu wanaiamini redio kama wanavyomwamini mwalimu, na imani hiyo si bidhaa ya mwenye kituo kuipeleka sokoni akaiuza.

Najua wako watakaocheka. Watasema, "Redio? Siku hizi? Si hayo ni mambo ya mababu! Watu wako kwenye simu." Mimi nawaambia hebu watembee kutoka langoni mwa shule hadi sokoni saa kumi na moja jioni, masikio yakiwa wazi. Kinyozi ana redio. Fundi wa viatu ana redio kandokando ya misumari yake. Pale kwenye kinu cha kusaga mahindi, mwenye mashine akiizima tu unasikia kumbe redio ilikuwa ikisema muda huo wote. Ndani ya matatu ni redio. Bawabu wa usiku ana simu ya kabambe, na ndani ya kabambe mna redio. Mama aliye jikoni, mikono imejaa unga, hawezi kushika simu ya kuteleza kwa kidole, lakini anasikiliza habari huku sima ikiiva.

Hapo ndipo penye nguvu ya chombo hiki. Redio haitaki macho, haitaki mikono wala haitaki kisomo. Haitaki bando. Mawe mawili tu yanatosha, na yakiisha nguvu watu huyaanika juani yakasukuma siku mbili zaidi. Nyanya asiyejua kusoma gazeti anajua bei ya mahindi, anajua mvua za masika zinatazamiwa lini, anajua waziri gani amesema nini. Amejulia wapi? Kwa redio. Hata sisi wanachama wa chama hiki, maneno kama kabumbu, mswada, uchaguzi mdogo na hali ya anga hatukuyasoma kwanza kitabuni. Tuliyasikia kwa watangazaji tukiwa bado tunavua kamasi kwa mkono wa shati.

Sasa tuangalie imani hii ilitoka wapi. Utangazaji wa redio nchini Kenya ulianza mwaka wa 1928, na wakati huo ulikuwa wa walowezi, kwa lugha yao. Vita vya Pili vya Dunia vilipoanza mwaka wa 1939, serikali ya kikoloni iliona haja ya kutangaza pia kwa Waafrika, kwa sababu vijana wao walikuwa wamepelekwa vitani na wazazi walitaka kujua yanayotendeka huko. Kwa hivyo tangu mwanzo, Mwafrika aliitegea redio sikio akitafuta habari za mtoto wake, wala si kwa ajili ya kustarehe. Baada ya uhuru, mwaka wa 1964, shirika la utangazaji likawa Sauti ya Kenya, na mwaka wa 1989 likarudishiwa jina la KBC. Wazazi wetu wanakumbuka kadi za salamu zilizotumwa kwa posta, kila mtu akisalimia jamaa zake hadi wale wa mikoa ya mbali. Wanakumbuka pia matangazo ya vifo. Mtu aliyefiwa alienda kutangaza redioni kwa sababu alijua ndugu zake wote, popote walipo, watasikia siku hiyo hiyo. Redio ndiyo iliyowaita nyumbani kuzika.

Kama kuna anayetilia shaka nguvu ya imani hiyo, basi na aikumbuke tarehe 1 Agosti 1982. Siku hiyo wanajeshi wa kikosi cha anga walijaribu kuipindua serikali. Je, walikimbilia wapi? Walikimbilia kituo cha Sauti ya Kenya. Tena hawakutosheka kusoma tangazo wenyewe. Walimtoa mtangazaji Leonard Mambo Mbotela nyumbani kwake, wakamlazimisha aseme yeye, kwa sababu sauti yake ndiyo wananchi waliyoizoea. Jaribio lile lilishindwa siku hiyo hiyo, lakini limetuachia somo: hata mwenye bunduki alijua kwamba bunduki peke yake haitoshi, anahitaji sauti inayoaminiwa.

Mzee Mbotela alituaga tarehe 7 Februari 2025. Wengi wanamkumbuka zaidi kwa kipindi chake cha "Je, Huu ni Ungwana?" alichokianza mwaka wa 1966 na kukiendesha kwa miaka mingi sana. Katika kipindi hicho alikuwa akitaja tabia fulani ya watu, halafu anamwachia msikilizaji aamue kama ni ya kiungwana. Mimi ninaomba ruhusa ya kuliazima swali hilo na kuiuliza redio yenyewe.

Imani ni kama kisu cha jikoni, kinakata nyama na kinaweza kumkata mtu. Jirani zetu wa Rwanda wanalijua hili kwa machungu. Kituo cha RTLM kilianza kutangaza Julai 1993. Vijana walikipenda kwa sababu ya muziki wake na mizaha ya watangazaji wake. Baada ya kupendwa, kikaanza kuwaita Watutsi mende. Mwaka wa 1994, kati ya Aprili na Julai, mamia ya maelfu ya watu waliuawa kwa muda wa siku 100 hivi, na kituo hicho kilikuwa kikitaja majina na mahali watu walipojificha. Desemba 2003, mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha iliwapata na hatia waanzilishi wa kituo hicho. Hawakushika panga. Walishika maikrofoni.

Nasi Wakenya tusijifanye malaika. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, Tume ya Jaji Waki ilipokea malalamiko kwamba baadhi ya vituo vya lugha za kienyeji vilichochea chuki. Lakini wakati huo huo, pale Kibera, kituo kidogo cha Pamoja FM kilichoanzishwa mwaka huo wa 2007 kilikuwa kikiwasihi vijana waweke mawe chini. Chombo ni kile kile, mawimbi ni yale yale. Tofauti ilikuwa kwa anayesema na kwa anachokitaka kutoka kwa anayemsikiliza.

Mfano mzuri tulionao wenyewe ni wa mwaka wa 2020. Shule zilifungwa mwezi Machi kwa sababu ya Korona, na sisi ambao sasa ni Kidato cha Tatu, darasa la mwisho la mfumo wa 8-4-4, tulikuwa darasa la tano. Tulikaa nyumbani hadi Januari 2021. Watoto wa mjini waliambiwa wasome kwa kompyuta. Sisi huku tungesoma kwa nini? Taasisi ya kukuza mitaala, KICD, ikapeleka masomo kwenye redio za KBC. Nyumbani kwetu tulikuwa watoto wanne tumezunguka redio moja ya nyanya, kila mmoja akingojea darasa lake, na nyanya akitukemea tusimalize mawe. Mwalimu aliyesema ndani ya redio hatukumwona, na hatukuweza kuinua mkono kumwuliza swali. Akisema haraka, basi, imepita hiyo. Hata hivyo alikuja kila siku, saa yake ikifika. Hakuuliza kama tumelipa karo. Kwa miezi ile, redio ilikuwa shule ya mtoto wa maskini, na mimi sitaisahau.

Sasa nifikie kinachoniuma. Fungua redio leo asubuhi, wakati wanafunzi wa shule za kutwa tunavaa viatu, usikilize vituo vitatu au vinne. Muziki nusu dakika, kicheko, halafu: "Tuma shilingi 50 sasa hivi! Leo ni siku yako! Simu inayofuata ni yako!" Mtangazaji anampigia mshindi mmoja, mshindi analia kwa furaha, king'ora kinalia, na mchezo unaendelea. Jioni tukirudi, ni yale yale. Tena husemi ni kamari, maana hujaona mezani karata wala dadu. Unaambiwa ni "zawadi kwa wasikilizaji wetu".

Kuna mama mmoja jirani yetu, ninamwita shangazi ingawa hatuna undugu wa damu. Anauza chai na mandazi pale stendi. Redio yake haizimwi. Kituo anachosikiliza sitakitaja kwa sababu si yeye peke yake wala si kituo hicho peke yake. Shangazi alikuwa akituma shilingi 50 asubuhi na 50 jioni. Siku moja nikamwambia, "Shangazi, lakini hata jana ulituma." Akanijibu, "Wewe bado mtoto, hiyo maneno huijui. Si mtangazaji mwenyewe amesema leo ni leo? Yule hawezi kunidanganya, miaka yote hii namskia kila siku."

Hebu msomaji rudia kusoma jibu hilo. Hakusema kwamba amepiga hesabu. Hakusema kwamba anamjua mtu aliyeshinda. Alisema, "Namskia kila siku." Hiyo ndiyo ile imani ya kadi za salamu na matangazo ya vifo, ile ambayo wanajeshi waliikimbilia mwaka wa 1982, na sasa imewekewa bei ya shilingi 50. Shilingi 100 kwa siku ni shilingi 3,000 kwa mwezi. Mtoto wake tunasoma pamoja hapa, na muhula uliopita alirudishwa nyumbani mara mbili kwa sababu ya pesa za chakula cha mchana ambazo hazifiki hata hizo 3,000. Wakati ule sisi tukila githeri, yeye alikuwa njiani akitembea na jua la saa sita. Na redio ya mama yake ilikuwa inacheka.

Tupige hesabu kidogo, maana Kidato cha Tatu tunasoma hesabu ya uwezekano. Tuseme watu 1,000 wametuma shilingi 50 kila mmoja. Hizo ni shilingi 50,000. Mtu mmoja akipewa 10,000 hewani, tunapiga makofi. Zilizobaki ni 40,000, na wale 999 hawapigiwi simu wala hawaulizwi jinsi walivyolala. Nafasi ya kila mmoja wao ilikuwa moja kati ya elfu. Je, umewahi kumsikia mtangazaji akitaja idadi ya waliotuma? Mimi bado. Anamtaja aliyepata tu. Mwalimu akimfundisha mtoto kujumlisha bila kutoa, huyo si mwalimu, ni mlaghai.

Serikali nayo imeanza kuamka. Tarehe 29 Aprili 2025, bodi iliyokuwa ikisimamia kamari ilisimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30, ikalalamika hasa juu ya yale yanayopeperushwa kati ya saa kumi na moja alfajiri na saa nne usiku, saa ambazo watoto husikiliza. Baadaye mwaka huo huo, sheria mpya ya kamari ikachukua nafasi ya ile ya 1966. Hayo ni mema. Lakini sheria ni kama ua wa shamba, ng'ombe mwenye njaa hutafuta tundu. Mchezo ukiitwa "zawadi" badala ya "kamari", na anayeutangaza akiwa ni rafiki yako wa kila asubuhi, sheria itachelewa kufika.

Wako wanaopinga maoni yangu, na nimewasikiliza. Tulipojadili jambo hili katika mkutano wa chama, mwenzangu mmoja alisema kwamba vituo vya redio vina mishahara ya kulipa na umeme wa kulipia, kwa hivyo vikikosa matangazo vitafungwa. Ni kweli, na mimi sipingi matangazo. Watangaze sabuni, mbegu, mabati na rangi. Anayenunua sabuni anarudi nyumbani na sabuni. Anayetuma shilingi 50 anarudi na nini? Anarudi na ujumbe wa simu unaomwambia atume tena, amekaribia.

Mwingine akasema, "Hakuna aliyelazimishwa. Kila mtu mzima na akili zake." Nami nikamwuliza, na yule mtoto wa miaka minane anayesikiliza akiwa kwenye kiti cha nyuma cha matatu? Sheria inasema aliye chini ya miaka 18 asicheze kamari. Sawa, hachezi, lakini anafundishwa kila asubuhi kwamba pesa hupatikana kwa kutuma pesa. Akifika umri huo atakuwa amemaliza masomo yote ya kamari, na vyeti amepewa na redio. Je, huu ni ungwana?

Wa tatu akasema eti tusijali, redio itakufa yenyewe kwa sababu ya simu. Huyu nilimwambia kwamba watu walisema hivyo hivyo televisheni ilipokuja. Tangu vituo vya kibinafsi viliporuhusiwa miaka ya tisini, na Kameme FM ikafungua njia ya vituo vya kibinafsi vya lugha za mama mwaka wa 2000, redio zimeongezeka badala ya kupungua. Tusipoirekebisha leo tukingoja ife, itatuzika sisi kwanza.

Basi tufanye nini? Kulalamika bila kupendekeza ni kama kupiga kelele ndani ya mtungi. Mimi nina mapendekezo manne.

Kwanza, michezo yote ya kutuma pesa itolewe kabisa katika saa za watoto kusikiliza, hata kama imepakwa jina la zawadi au shindano. Na kila inapotangazwa baada ya saa hizo, mtangazaji alazimishwe kutaja ni watu wangapi waliotuma na wangapi waliopata. Ukweli ukisemwa wote, mchezo utajiua wenyewe.

Pili, kila kituo kitoe nusu saa kwa siku kwa ajili ya wanafunzi, tena saa ya jioni, wala si saa tano asubuhi tukiwa darasani. Mwaka wa 2020 tulionyeshwa kwamba inawezekana. Kwani lazima tungoje ugonjwa mwingine ndipo redio ikumbuke kwamba ni mwalimu? Mwanafunzi wa shule ya kutwa hana prepu ya usiku wala maktaba. Nusu saa ya fasihi, ya Hisabati au ya Biolojia ingemfaa kuliko king'ora cha mshindi.

Tatu, tujifunze kutoka kwa redio za jamii. Huko Kibwezi, redio ya Mang'elete ilianzishwa na vikundi vya akina mama. Huko Korogocho jijini Nairobi, vijana walianzisha Koch FM mwaka wa 2006, studio ikiwa ndani ya kontena. Hawakuwa matajiri. Walijua tu kwamba anayesema hewani ni jirani wa anayesikiliza, na mtu huona haya kumwibia jirani anayekutana naye mtoni kila siku.

Nne, ni sisi wenyewe. Msikilizaji ana nguvu mbili: kidole cha kuzima na mdomo wa kulalamika. Mamlaka ya Mawasiliano hupokea malalamiko ya wananchi. Chama chetu kinaweza kuandika barua moja kwa Kiswahili safi na kuituma huko, na nyingine tuipeleke kituoni kwenyewe. Isitoshe, tunaweza kutayarisha kipindi chetu cha dakika 15, tukisome gwaride la Ijumaa kwanza, halafu tuombe nafasi katika kituo chochote cha karibu kitakachotukubali. Anayesema redio haina vipindi vya maana na asaidie kuvitengeneza.

Nikimalizia, nataka nieleweke vizuri. Siichukii redio. Ningeichukia nisingepoteza wino wa kalamu yangu. Ninaipenda kwa sababu ilitufunza wakati milango ya shule ilikuwa na kufuli, na ninataka mtoto wa darasa la tano wa leo naye aipate ikiwa mwalimu. Shangazi kwa sasa amepunguza, anatuma mara moja moja tu, lakini kila nikipita pale stendi namwona anainua kichwa king'ora kikilia. Watangazaji wapendwa, mnapoishika ile maikrofoni, kumbukeni kuna mtu anayewaamini kuliko anavyowaamini ndugu zake. Msimtume pesa. Mtumeni shule.

Wenzangu, barua hiyo tutaiandika katika mkutano ujao wa chama. Mwenye kalamu na aje nayo.